Mzee Asiyeionja Divai Yake

Kwetu Buha mtu akikukaribisha kinywaji, yeye ndiye anayetangulia kuonja. Anapiga funda moja mbele ya macho yako, anafuta mdomo, ndipo anakupa. Mama yangu alinifundisha hivyo kabla hajanifundisha kusali: mwenyeji asipoonja, shukuru, weka chini, aga. Sasa huyu mzee wangu, mtunza mizabibu, anakumiminia divai nyekundu aliyoitengeneza mwenyewe, anakusogezea kikombe kwa mikono miwili, anatabasamu, halafu anakaa kitako kukutazama, midomo yake mikavu. Ungekunywa? Mimi sikunywa. Tangu siku ya kwanza nilisema moyoni, huyu ana lake jambo.

Nilikuwa mtunza sakristia wa parokia yetu pale Kigoma mjini, mwanamke wa Rusimbi mwenye mume wa reli ambaye nyumbani alikuwa mgeni. Kazi yangu ilikuwa kufua na kupiga pasi vitambaa vya altare, kuangalia mishumaa, na kuhakikisha divai ya misa haikosekani. Divai ya Dodoma ilikuja kwa treni, na treni ya miaka ile tunaijua wenyewe. Mvua ikila tuta la reli, tulibaki tunategemea shamba moja kuukuu lililoko juu milimani upande wa Heru, ambako wamisionari wa zamani walipanda mizabibu yao, wakazeeka nayo, wakafa. Misheni ilikuwa imebaki kanisa dogo na kuta zilizoota majani, na padri alipita mara mojamoja. Aliyebaki na mizabibu ni huyo mzee. Kila mavuno nilipanda na lori la parokia kwenda kuchukua divai, kwa sababu sikumwamini dereva, na nilipofika juu sikumwamini na mzee.

Ndivyo nilivyo, sijifichi. Mume wangu husema nikipewa zawadi naigeuza kwanza nione chini kuna nini. Lakini kazi ya sakristia inataka mtu wa namna hiyo. Divai ya misa lazima iwe ya zabibu tupu, bila sukari, bila maji, bila kitu kingine. Ikichanganywa, misa yenyewe ina mashaka. Kwa hiyo nilipoiona divai ya mlimani kwa mara ya kwanza, nyekundu ya kukoza hadi karibu kuwa nyeusi, nilijiuliza mizabibu ile iliyokonda inatoa wapi rangi ya namna hiyo. Nikashuku choya. Yale maua mekundu yanayochemshwa kwa juisi yalikuwa yameota nyuma ya nyumba yake, nimeyaona kwa macho yangu. Nilirudi mjini nikadondosha divai kwenye kitambaa cheupe, na juisi ya choya kwenye kingine, nikavifua vyote viwili kwa sabuni. Vyote vikatoka madoa machafu ya samawati na sikujifunza lolote, isipokuwa nilipoteza vitambaa viwili vizuri.

Nikamuuliza uso kwa uso. "Mzee, hii rangi umeitoa wapi?"

"Kwenye ganda, mama."

"Ganda gani linatoa weusi huu?"

"Huku juu kuna baridi asubuhi na jua kali mchana. Zabibu inafanya ganda nene kama mtu anavyovaa koti. Ingekuwa huko kwenu ziwani ingekuwa nyepesi." Akachuma moja, akaikamua kidoleni mwangu. Kidole kilibaki na weusi mpaka tulipofika Simbo. Hilo nilimkubalia, nikaendelea na mengine.

Mengine yalikuwa mengi. Watu wa mlimani walimwogopa kwa sababu ileile ya kutoonja. Pipa likiwa tayari hakuonja yeye, alimwita kikongwe mmoja mjane aliyekaa jirani yake, bibi mwenye meno mawili na ulimi mkali. Bibi alipiga funda, akafumba macho, akasema "bado" au "tayari" au "hii imenuna". Mzee alimsikiliza kuliko alivyomsikiliza padri. Wanakijiji walitafsiri walivyotafsiri: anamjaribia sumu bibi wa watu, akifa mmoja hakuna atakayeuliza. Bibi mwenyewe alipoambiwa hivyo alisema, "Basi ni sumu tamu, acheni niimalize." Aliendelea kuishi, na kila mwaka alioendelea kuishi watu walisema dawa ya huyo mzee ni ya polepole.

Alikuwa mrefu, ameinama kidogo mabegani kwa kupita chini ya matawi miaka nenda miaka rudi. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwenye kucha, na hapakuwa na sabuni ya kuutoa weusi huo. Alikuwa msafi kupita kiasi. Kabla ya kuingia shambani alinawa mikono, uso na miguu kwa kopo la maji, taratibu, kila kiungo kwa zamu yake, hata kama maji yalikuwa ya kugandisha. Nilidhani ni mafunzo ya Bruda, yule mzungu wa mwisho aliyetunza shamba. Alikuwa mkali kwa walevi. Mchumaji akija ananuka pombe alimpokonya kikapu, akamwambia akalale. Nilimwambia hilo ni jambo la kuchekesha, mtu anatengeneza divai na hataki walevi. Akasema, "Hii siyo yao," akaendelea na kazi.

Na kanisani haingii. Alilifagia, alifungua madirisha, aliweka maua ya porini kwenye kopo mbele ya mlango. Misa ikianza yeye yuko nje ukutani, amekaa juu ya jiwe, kofia mkononi. Nilikaa na swali hilo muda mrefu. Nikafikiri labda ana mke wa pili. Nikafikiri labda aliua mtu. Ukishaanza kufikiri hivyo huoni tena jembe mkononi mwa mtu, unaona silaha.

Kazi aliyoijua kweli ni ile ya kuilaza mizabibu. Nilikuwa sijui kwamba mzabibu ni mti wa nchi za baridi, ambako majira yenyewe huja yakaupumzisha. Kwetu hakuna majira hayo. Ukiuacha, unatoa majani mwaka mzima, unajichosha, zabibu inakuwa chache na chachu, na mwisho unakufa umesimama. Kwa hiyo kiangazi kilipokauka vizuri, mzee alipita mti hadi mti akivua majani kwa mkono, jani moja baada ya jingine, mpaka shamba zima likabaki vigogo vyeusi vilivyopinda. Kisha alipogoa matawi, akauacha. Siku hizo hakuruhusu mtu apite shambani akiongea kwa sauti. Nilimcheka. Aliniambia, "Wewe mtoto wako akilala unapiga makelele?" Nikaondoka nimeudhika.

Ilikuwa vigumu kujua anakotoka. Alisema Kiha cha mlimani vizuri, lakini kuna maneno aliyoyavuta kama watu wa ng'ambo ya mpaka. Kwa dereva wetu alisema kwao ni Uvinza, kwenye chumvi. Kwa katekista wa pale alisema alikuja akiwa mdogo kutoka ng'ambo ya ziwa. Kwangu alisema, "Kwetu ni hapa unaponiona." Nilivikusanya vyote hivyo, nikaviweka pamoja, havikukaa pamoja. Mtu anayebadilisha kwao namna hiyo, anaficha nini?

Mwaka mwingine wowote swali hilo lingekuwa umbea wangu tu. Lakini miaka ile vita vilikuwa vimewaka ng'ambo, na watu walikuja. Walikuja kwa miguu kupitia milimani, na baadaye wengine kwa maboti wakashukia Katonga na kwingine ufukweni, na magodoro na kuku na wazee migongoni. Mji ulijaa magari meupe ya mashirika ya misaada. Bei ya mchele ilipanda, kuni zikaadimika, na kila mtu akaanza kumsikiliza mwenzake anavyotamka maneno. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ambaye tulijifungua wiki moja, siku moja aliniuliza mama yangu alitokea kijiji gani hasa.

Shamba la mizabibu lilikuwa njiani mwa watu hao. Nguzo zilizoshikilia mizabibu zilikuwa mbao kavu za siku nyingi, na mtu mwenye watoto wanaotetemeka hawezi kupita mbao kavu bila kuzitazama. Nilikuwepo siku mzee alipomkuta baba mmoja ameng'oa nguzo. Alimfukuza kwa fimbo akimtukana kwa lugha yao, matusi mapana, mpaka mimi mtu wa kanisa nikaziba masikio. Kisha akarudi akiwa anahema, akakusanya mafungu ya matawi yote aliyokuwa amepogoa, ambayo kwa kawaida alikuwa anayatumia mwaka mzima kupikia, akayabeba mwenyewe mpaka walipokuwa wamekaa. Nikasikia anamwambia yule baba, "Ukitaka kuni njoo uniombe. Ukigusa nguzo yangu tena nitakuvunja mkono." Walikuja kumwomba. Yeye mwenyewe msimu ule alipikia vinyesi vikavu vya ng'ombe na chakula chake kilinuka moshi wa zizi.

Watu wa mlimani waliona hayo pia. Kwao ilikuwa ushahidi: anajua lugha yao, anawapa kuni, huyu ni wao.

Nilipata ukweli kwa njia yangu mwenyewe, yaani kwa kumfuata. Mara mojamoja aliomba lifti ya lori kuja mjini, na kila mara aliomba ashushwe Mwanga, akasema atatukuta jioni. Anakwenda wapi mtu asiye na kwao? Siku hiyo nilimwambia dereva nami naishia hapo, nikajifunika kanga, nikamwacha atangulie. Alitembea hadi Ujiji. Alipita sokoni bila kununua kitu, akaingia vichochoro kama mtu anayejua njia, akasimama mbele ya mgahawa mdogo unaotazamana na nyumba ya zamani yenye baraza. Ndani ya nyumba ile wasichana walikuwa wanasoma Kurani kwa sauti moja, na sauti ya mwanamke mzee inawarekebisha. Mtunza mizabibu alisimama pale mpaka mwanamke yule alipotoka kumwaga maji barazani. Hapo akageuza uso, akaondoka upesi.

Kichwa changu kilishamaliza kesi: anapanga wizi, au ni mapenzi ya zamani. Nilimfuata mpaka njia kuu, nikamshika mkono wa shati.

"Mzee, yule mama umemkosea nini?"

Hakushtuka. Nadhani alishaniona tangu sokoni. "Ni dada yangu," alisema. "Tumenyonya ziwa moja."

Akanieleza tukiwa tumesimama pale, baiskeli zikitupita. Alipanda mlimani kijana akiuza samaki wakavu, akamkuta yule Bruda anaumwa na mizabibu ina majani wakati wa kulazwa. Bruda alimwomba amsaidie msimu mmoja. Alivua majani msimu huo. Mavuno yalipokuja akataka kuona yamekuwaje, na msimu uliofuata Bruda alikuwa amezikwa. Ujiji walingoja, mwisho wakaamini amekufa njiani, wakamsomea hitma.

"Na huko mlimani unaswali?"

"Naswali."

"Na divai?"

"Sijaionja tangu niijue. Lakini naitengeneza, mama. Dada yangu anafundisha watoto wa watu dini. Atawatazama kwa uso gani, nduguye anakamua divai ya kanisa? Maiti haimwaibishi mtu. Niache niwe maiti."

Basi kumbe kunawa kule, na jiwe la nje ya kanisa, na midomo mikavu. Vitu vyote nilivyovikusanya vikakaa pamoja, na wala havikuwa na mtu aliyeuawa. Lazima niseme kwamba hata hapo sikutulia. Nilirudi nikamuuliza padri, kwa kuzunguka, kama divai ya misa ikitengenezwa na asiye Mkristo inafaa. Padri alisema Kanisa linauliza habari za zabibu, haliulizi habari za mkono. Akaniuliza kwa nini nataka kujua. Nikasema nimewaza tu. Alinitazama kwa muda, kwa sababu alinijua.

Kisha ikatoka amri kwamba wote waliotoka nje na wanaoishi vijijini wakusanywe wapelekwe kambini. Amri ilisema wageni. Vijijini kila mtu alilitafsiri neno hilo kuwa jirani asiyempenda. Walichukuliwa watu waliokuwa na wajukuu hapa, watu waliozika wazazi wao hapa. Na huko mlimani sungusungu hawakuhitaji kufikiri sana. Walimkuta mtunza mizabibu amesimama juu ya kigoda, amevua majani karibu nusu ya shamba. Walimwambia ashuke. Alisema anamaliza mstari. Walimshusha.

Bibi mwenye meno mawili alimtuma mpita njia aniletee habari, na nikaenda mbio mpaka uwanja wa ufukweni ambako watu walikusanywa wakingoja malori. Alikuwa amekaa chini kati ya mafurushi ya watu, mikono imejaa utomvu. Ofisa aliyekuwa zamu alikuwa kijana mpole, amechoka.

"Nimemuuliza kwao mara ngapi, mama," aliniambia. "Anasema mlimani. Kabla ya mlimani, anasema amesahau. Mtu anasahau kwao?"

"Ni mfanyakazi wa kanisa letu."

"Kanisa linasema hivyo kwa kila mtu. Niletee ndugu yake. Nduguye akimtambua, ataondoka naye sasa hivi. Lori la kambini linaondoka alasiri."

Nilichuchumaa karibu na mzee. Nikamwambia ninakwenda Ujiji. Akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. "Usiende. Nitakaa kambini. Wakishachoka na amri yao nitarudi."

"Mtu harudi kutoka kule akitaka, Mzee. Na mizabibu?"

Alinyamaza. Nusu ya shamba ilikuwa na majani na nusu haina, na hakuna aliyekuwa anajua kumalizia. Nilidhani kunyamaza kwake ni ruhusa. Sasa nadhani alikuwa anafikiria tu mistari iliyobaki.

Dada yake alinipokea barazani. Alikuwa na mabega yaleyale. Alinikaribisha mkeka, akauliza hali, kisha akanitazama kama mimi ninavyotazama watu.

"Nawe watoka wapi, mwanangu, na msalaba shingoni?"

Nilimwambia nduguye yu hai. Hakulia. Alisema, "Tumemsomea hitma. Watu walikula wakashiba. Hiyo habari umeipata kwa nani?" Nikaeleza uwanja, lori, alasiri. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza lile nililokuwa naliogopa.

"Miaka yote hii alikuwa akifanya nini huko juu?"

Ningeweza kusema analima. Ilikuwa kweli. Lakini mimi ambaye nimewasumbua watu maisha yangu yote kwa nusu ya ukweli, sikuweza kumpa huyu nusu. "Anatunza mizabibu. Anatengeneza divai ya kanisa letu."

Wasichana ndani waliendelea kusoma. Alinyoosha upindo wa mkeka kwa mkono, akaunyoosha tena ingawa ulishanyooka.

"Anakunywa?"

"Hajapata kuionja. Watu wa huko wanamwita mchawi kwa sababu hiyo."

Akainuka, akawaambia wasichana waende makwao, akavaa baibui lake. Akatangulia njiani.

Tulipofika, malori yalikuwa yameshawashwa. Ofisa akamwita mzee mbele. "Mzee, huyu mama anasema ni dada yako."

Mtunza mizabibu alitazama chini. Alikuwa ameweka mikono mfukoni, nadhani kwa ajili ya vile vidole. "Simjui mama huyu," alisema. "Mimi ni mtu wa ng'ambo. Nipelekeni na wenzangu."

Mtu amefunguliwa mlango na anaufunga kwa mkono wake. Ofisa alimgeukia dada, dada akakaa kimya, na nikaona kimya kile kinataka kumpa nduguye alichokiomba. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya kuwarekebisha wasichana:

"Tangu lini unaongea na watu umetia mikono mfukoni?"

Alitoa mikono. Aliitoa upesi, akaiweka ubavuni, akasimama wima, kabla hajajua anafanya nini. Ofisa aliona, sote tuliona. Kijana yule akacheka kwa mara ya kwanza siku ile, akasema, "Nenda nyumbani na dada yako, Mzee."

Nje ya uwanja dada alivitazama vile vidole vyeusi, akavishika, akaviachia. "Mlimani hurudi tena," alisema. Ndiyo sentensi pekee aliyosema, na mzee hakubisha. Alinigeukia mimi tu. Aliniambia, "Upande wa chini bado una majani." Nikawaangalia wakienda zao, yeye hatua moja nyuma ya dada yake, nikafurahi na kuumia kwa pamoja. Wakiniuliza leo kama ningefanya hivyo tena, nasema ningefanya. Kambini angekufa.

Nilipopanda tena mlimani, nguzo zilikuwa zimekwisha zote. Mizabibu ilikuwa imelala chini kweli, imetambaa kwenye nyasi, na mbuzi walikuwa wameishughulikia. Mapipa yalikuwa tupu. Sungusungu waliyafungua siku ileile na kumwaga divai yote mtaroni, kwa sababu hakuna aliyethubutu kunywa kitu ambacho mwenyewe hakionji. Bibi alikuwa ameshafariki. Tangu hapo tulingoja treni ya Dodoma kama kila mtu.

Ilipita miaka. Kambi zilianza kupungua, watu wakirudishwa kwao kwa malori yaleyale. Mimi nilikuwa nimekabidhi funguo za sakristia kwa mwanamke mwingine, ambaye nadhani anaangusha nta ovyo. Nikaenda Ujiji kumwona mzee.

Nilimkuta barazani, kanzu nyeupe, kofia ya kufuma, macho yamefifia. Ndani wasichana wanasoma. Vidole vilikuwa vimetakata, vya mtu mwingine kabisa, na sikupenda kuviona. "Shikamoo, Mzee." "Marahaba, mama wa sakristia." Aliijua sauti yangu. Tuliongea habari za mvua na dagaa. Hakuuliza habari za shamba, na nikaelewa kwamba ameshazipata. Kisha akasikiliza kwanza kama sauti ya dada yake bado iko mbali, akanisogelea.

"Nataka kukuuliza kitu. Mapadri wote waliisifu divai yangu. Lakini padri akisifu kitu cha bure utamwamini?"

"Simwamini."

"Na bibi wa watu alikuwa anapenda tu kunywa. Wewe huna maneno matamu, hujawahi kunisifia kitu. Ndiyo maana nakuuliza wewe. Ilikuwaje mdomoni?"

Nilifungua mdomo niseme ilikuwa nzuri. Mbele yangu alikuwa mtu aliyefanya kazi maisha yake yote bila kujua alichokifanya, na dunia nzima ilikuwa imebaki na mimi tu wa kumwambia. Nimeimimina divai ile kwenye vikombe vya misa siku zote hizo, nimeifua kwenye vitambaa, imenitia weusi kidoleni. Akangoja. Sijapata kutamani kitu kama nilivyotamani funda moja la divai ile pale barazani.

"Sijui, Mzee," nilisema. "Sikuionja."

"Hata siku moja?"

"Ulikuwa hutangulii kuonja wewe. Ningekunywaje?"

Uso wake ulikunjamana, nikadhani analia, na mimi nikaanza kulia. Kumbe alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti kwanza, mabega yakitikisika, halafu kicheko kikamtoka, na mimi huku machozi yananitiririka nikashindwa kujizuia, tukacheka wote wawili mpaka usomaji ukakatika ndani.

Dada yake akatoka, akasimama mlangoni. "Mnacheka nini?"

"Hakuna," mzee alisema. "Habari za samaki."

Alimtazama yeye, akanitazama mimi, akamtazama yeye tena. Akavuta kigoda, akakiweka katikati yetu, akaketi, na hakuondoka mpaka nilipoaga.